Kigari cha gofu, injini tustroki nimeifunga upya mwenyewe: inakwenda dakika kumi inazima. Nimekosea wapi?

#1 KaraniWaGhala (Mikindani)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo. Hata matusi nitapokea, ili mradi yawe na spea ndani.

Nina kigari cha gofu, Yamaha G1 ya zamani ya petroli. Injini ni tustroki (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli), silinda moja, cc 215. Nilikipata kwenye mnada wa vitu chakavu. Kilikuwa kimelala chini ya mkorosho, kuku wametagia kwenye kiti. Nilikinunua kwa ajili ya mama. Nyumba yetu ipo huku juu kilimani, na magoti yake hayautaki tena ule mteremko wa kwenda pwani. Bajaji zinaishia barabarani, kichochoro cha kuja kwetu hazipiti.

Injini ilikuwa imekamata. Nikamimina mafuta ya taa na oili kwenye tundu la plagi, nikaiacha wiki nzima, ndipo pistoni ikakubali kusogea kwa kugongwa na kipande cha mti. Ringi zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake. Silinda nikaipeleka kwenye kerezo ikapanuliwa saizi ya kwanza, pistoni na ringi mpya zikatoka Dar. Gasketi ya kichwa mpya, ya chini nimeikata mwenyewe kwa mkasi. Pampu ya oili nimeiziba, nachanganya kwa mkono. Oili sili za krenki (mipira inayoziba ncha za shafti inayozungushwa na pistoni) sikuzigusa, niliziona nzima.

Sasa inawaka vizuri kabisa. Inapanda kilima na mama amekaa. Ikifika dakika kumi hivi nguvu inakata taratibu kama mtu anakabwa koo, halafu kimya. Nikisubiri nusu saa inawaka tena kama si yenyewe. Pia kwenye sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huwa inajipandishia resi bila kuguswa. Plagi nikiifungua ni nyeupe.

Mama ameshasema gari langu lina pumu.

#2 Mshamba_Mjini
Gofu Mtwara? Mashimo tunayo barabarani, tena mengi kuliko kumi na nane. Zilikuwa zimebaki fimbo tu.

#3 Bloa_Nanyamba
Karani, hiyo ni oili sili. Usihangaike na kingine.

Mimi kila mwaka kuanzia Mei mpaka Septemba nafungua bloa za salfa, zile mashine za kupulizia mikorosho dawa, zote ni tustroki. Ugonjwa huo nauona mpaka ndotoni. Watu hawaelewi kwamba chumba cha krenki cha tustroki si bakuli la oili kama kwenye gari. Ni pampu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, kinausukuma mchanganyiko ule juu kupitia matundu ya pembeni. Sasa sili ikiwa imekauka, chumba kinavuta hewa ya bure kwenye krenki, hewa ambayo haikupita kwenye kabureta na haina petroli wala oili. Ndiyo plagi nyeupe. Ndiyo resi kujipandisha. Joto linapanda, pistoni inavimba, inabana, inazima. Ikipoa inasinyaa, inawaka.

Unasema uliziona nzima. Sili ya miaka thelathini ukiiona nzima ni kama jino la bandia, zuri kwa picha tu. Ibonyeze ule mdomo wake kwa kucha. Kama ni mgumu kama plastiki, hiyo si sili tena.

#4 Nahodha_Msimbati
Bloa, pole pole. Mimi nimekaa na mashine za boti tangu nasoma, na injini inayokwenda dakika kumi kisha ikakata taratibu ni tenki halipumui. Kifuniko kina kitundu. Kikiziba kwa vumbi au nyigu akajenga humo, petroli inatoka mpaka ndani kunakuwa na mvuto, kisha haitoki tena. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka tena. Karani, legeza kifuniko cha tenki, kiendeshe. Bure kabisa, hakuna spea.

Petroli ikipungua plagi inakuwa nyeupe vile vile. Kwa hiyo hiyo plagi haimtetei Bloa peke yake.

#5 Tandahimba_1
Hamjamuuliza swali la kwanza: oili anaweka kiasi gani? Mchanganyiko ni moja kwa hamsini, yaani mililita 50 kwa lita moja ya petroli. Ukipunguza hapo lazima ikamate.

#6 Babu_DT
Tandahimba, hapo umechemka mwanangu. Moja kwa hamsini ni lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli. Lita moja ni mililita 1,000, gawa kwa 50, unapata mililita 20. Dumu la lita 5 linataka mililita 100. Hiyo 50 yako ni moja kwa ishirini. Nilikuwa bwana shamba, nimetembea na pikipiki ya Yamaha DT kutoka Newala mpaka Kitangari kwa miaka, na vijana waliokuwa wakipima kwa hesabu yako niliwatambua kwa moshi kabla sijawaona sura.

#7 Tandahimba_1
Shikamoo mzee. Basi mimi bloa yangu imekunywa moja kwa ishirini misimu mitatu na ipo hai. Oili nyingi haijawahi kuua injini.

#8 Babu_DT
Marahaba. Haiui papo hapo, lakini inaziba ekzosi kwa masizi. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: kitundu cha kabureta hakijui kama kinapitisha oili au petroli. Ukiongeza oili, petroli inayopita inapungua, injini inakuwa na njaa ya petroli huku ina moshi mwingi. Kwa hiyo unaweza kuongeza oili kwa kuogopa joto ukaishia kuongeza joto.

#9 Bloa_Nanyamba
Nakazia ya ekzosi. Kuna bloa niliwahi kuletewa haina nguvu, nikafungua kila kitu. Mwisho nakuta tundu la kutolea moshi limebaki upana wa kidole kidogo, pembeni yote masizi magumu kama ukoko wa wali. Nilikwangua kwa kijiti cha mwanzi nisikwaruze silinda.

Lakini ya Karani ni sili.

#10 Mgeni_Florida
Salaam kutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Ligula, sasa nafanya kazi karakana ya uwanja wa gofu huku Marekani. Nina swali moja. G1 haina sailensi. Unakanyaga pedali, stata inazungusha injini na inawaka. Ukiachia mguu, inazima. Kigari cha gofu kikisimama kinatakiwa kiwe kimya ili mtu apige mpira wake. Hiyo sailensi inayojipandisha resi umeiona wapi?

#11 KaraniWaGhala
Mkuu Mgeni, umenikamata. Sikueleza vizuri. Niliiwasha mezani kabla ya kuirudisha kwenye chasisi, nikaunganisha betri na nyaya zangu mwenyewe, ndipo ikakaa kwenye sailensi na kupandisha resi. Kwenye gari siwezi kuona hilo kwa sababu hiyo hiyo uliyosema.

Nahodha, nimeendesha kifuniko kikiwa wazi kabisa, nimekifunga kitambaa tu. Dakika kumi na moja, ikazima mbele ya msikiti watu wakitoka.

#12 Mshamba_Mjini
Dakika moja ya nyongeza. Tumepiga hatua kama taifa.

#13 Nahodha_Msimbati
Sijashindwa. Kuna pampu ndogo ya petroli inayosukumwa na mapigo ya hewa kutoka chumba cha krenki. Ndani ina kingozi chembamba cha mpira. Kikichoka, baridi kinafanya kazi, kikipata moto kinalegea. Akague na kabomba kanakounganisha pampu na injini kama hakana ufa.

#14 Mgeni_Florida
Hilo la Nahodha lina mantiki, G1 ina pampu ya namna hiyo. Ila mpigo ukiwa dhaifu sababu inaweza kuwa chumba cha krenki chenyewe kinavuja, kwa hiyo mnarudi kwa Bloa kwa mlango wa nyuma.

Na kwa wasiojua: hivi vigari vya tustroki vilikuwa vingi sana. Hata Harley-Davidson, wale wa pikipiki kubwa, walitengeneza vigari vya gofu kuanzia 1963 mpaka 1982. Vile vyao havikuhitaji gia ya kurudi nyuma. Injini yenyewe ilizimwa ikawashwa kuzunguka upande wa pili.

#15 Tandahimba_1
Injini kuzunguka kinyume? Mkuu, huko Florida uraka, pombe yetu ya mabibo, unauzwa?

#16 Babu_DT
Ni kweli. Tustroki haina kemshafti inayoamua vali zifunguke lini. Matundu yapo ukutani mwa silinda, pistoni inayafungua ikishuka na kuyafunga ikipanda, haijali krenki imetokea kulia au kushoto. Kinachobaki ni wakati wa cheche ya plagi tu. DT yangu iliwahi kupiga teke kuanzia kinyume pale Kitangari sokoni. Nikatia gia ya kwanza, nikarudi nyuma kwenye meza ya mama wa ming'oko. Nililipa ming'oko yote.

#17 MzeeKerezo (Masasi)
Nimesoma kimya, sasa naingia. Mnazungumza hewa na petroli wakati jamaa amesema silinda imepanuliwa. Je, aliyepanua alipewa pistoni mkononi, au alipanua kwanza pistoni ikaja baadaye?

#18 KaraniWaGhala
Mzee shikamoo. Silinda ilitangulia. Pistoni ilichelewa. Ilikuwa ule Mei 2024 barabara ilipokatika upande wa Somanga kwa kimbunga Hidaya, mzigo ukakaa njiani. Fundi akasema hana haja ya kuisubiri, saizi ya kwanza anaijua.

#19 MzeeKerezo (Masasi)
Marahaba. Basi jibu ndilo hilo.

Saizi inayoandikwa kwenye boksi ni ahadi. Unapima pistoni iliyopo mezani, kwenye sketi, pembe mraba na pini, ndipo unakata silinda kwa pistoni hiyo hiyo. Kwa injini ya kupozwa na upepo yenye silinda ya chuma cha kumimina, nafasi kati ya pistoni na ukuta ni kama milimita 0.05 hadi 0.08. Huo ni unene wa unywele mmoja. Pistoni ni alumini, inavimba haraka kuliko chuma. Ukiacha nusu unywele, ikipoa inateleza vizuri, ikipata moto inabana. Dakika kumi. Inapoa, inawaka. Mnaona?

Hakuna haja ya kubishana, pistoni itasema. Fungua kichwa na silinda, tazama michubuko. Ikiwa imechubuka sehemu nne, kama pembe za meza, ni nafasi ndogo, kosa la kerezo. Ikiwa imechubuka upande wa ekzosi peke yake, ni joto la kukosa petroli au oili, na hapo Bloa amepata.

#20 Bloa_Nanyamba
Nakubali mtihani huo. Karani fungua.

#21 BintiMtanda (Lindi)
Kabla hajafungua, subirini kwanza. Mnataka kupasua mgonjwa bila kumpima presha. Mimi ni fundi umeme, na hamjataja umeme hata mara moja katika mabandiko ishirini.

Koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ina waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Insulesheni ikichoka, baridi inafanya kazi, ikipata moto umeme unavuja humo humo ndani na cheche inakuwa dhaifu. Ukisubiri nusu saa, inarudi. Tena hii ni koili iliyolala kwenye chumvi ya bahari. Kaka Karani, siku nyingine ikizima usikae kusubiri. Fungua plagi hapo hapo, ichomeke plagi nyingine kwenye kofia, igusishe kwenye chuma mbali na tundu, mtu akanyage pedali. Tundu la plagi lizibe na kitambaa kwanza, mvuke wa petroli ukikutana na cheche utabaki bila nyusi. Cheche ya bluu inayolia tak-tak ni nzima. Ya rangi ya chungwa na nyembamba, umepata mchawi.

#22 Nahodha_Msimbati
Dada umekuja na kikapu kizima. Lakini koili ikifa injini huzima ghafla. Yeye amesema inakabwa taratibu.

#23 BintiMtanda (Lindi)
Waya ukikatika kabisa, huzima ghafla. Insulesheni ikivuja, huanza kumisi kwenye mzigo mzito, mtu akaona ni nguvu kukata. Na kilima cha Mikindani ni mzigo.

#24 Kipilipili
Na petroli yenyewe je? Ananunua kituoni au ile ya chupa za maji kando ya njia? EWURA, wadhibiti wa nishati, walianzisha kuweka vinasaba (alama za siri) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukamata wanaochakachua, lakini chupa ya kando ya njia haina wa kuipima. Ikiwa imepigwa mafuta ya taa, injini inanoki na kupata moto kupita kiasi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka yote, mafuta ya taa yanaacha doa kama la andazi.

#25 KaraniWaGhala
Asanteni wote. Leo Jumapili nimefanya kazi, ripoti hii hapa, na picha nimeweka.

Petroli: doa hakuna. Naichukua kituoni.

Umeme: nimepanda kilima, ikazima, mdogo wangu akakanyaga pedali. Cheche ipo ila si ya bluu. Ni ya njano-njano. Baridi ilikuwa bluu.

Pistoni: nimefungua. Imechubuka upande wa ekzosi, mistari mirefu ya kung'aa unaweza kuisikia kwa kucha. Lakini upande wa kushoto wa pini nako kuna kialama kifupi. Na kulia kuna kivuli, sijui ni mchubuko au oili iliyoungua.

#26 MzeeKerezo (Masasi)
Naona pembe.

#27 Bloa_Nanyamba
Mzee, kwa heshima zote, hiyo ni ekzosi tupu. Hicho kialama cha pembeni ni ringi ilimkwaruza alipokuwa anavalisha silinda. Karani, ringi zako zina vipini vya kuzuia zisizunguke? Mdomo wa kila ringi lazima ukae kwenye kipini chake, la sivyo unanasa kwenye tundu.

#28 KaraniWaGhala
Vipo na vimekaa. Mshale wa pistoni unatazama ekzosi. Mdomo wa ringi nilipima ndani ya silinda kwa fila geji, milimita 0.3.

#29 MzeeKerezo (Masasi)
0.3 ni sawa kwa silinda ya saizi hiyo. Mshale sawa. Kijana anajua kazi. Ndiyo maana nasema kosa si lake, ni la kerezo.

#30 Mgeni_Florida
Jamani, mmetazama picha ya tatu? Si ya pistoni, ile ya injini nzima ikiwa mezani. Karani, kava la bati linaloizunguka silinda liko wapi?

#31 KaraniWaGhala
Lile bati? Lilikuwa limeliwa na kutu, linagonga-gonga. Nililitupa. Nikaona bila hilo inapata upepo zaidi.

#32 Mgeni_Florida
Kaka!

Hiyo injini haiko kwenye pikipiki ipigwe na upepo wa mwendo. Iko chini ya kiti cha mama. Feni yake inazunguka na krenki, na lile bati ndilo linalokamata upepo wa feni na kuulazimisha upite kwenye mapezi ya silinda. Ukilitoa, feni inapepea chumba kizima, silinda inaambulia joto lake yenyewe.

#33 Mshamba_Mjini
Mabandiko thelathini ya elimu ya juu, kumbe mgonjwa amevuliwa shati akalazwa jikoni.

#34 Babu_DT
Usicheke. Mimi nilishawahi kuona mtu ametoa kichujio cha hewa ili mashine "ipumue".

#35 Kipilipili
Basi tumemaliza, uzi ufungwe.

#36 Bloa_Nanyamba
Haujaisha. Kukosa bati hakupandishi resi mezani.

#37 KaraniWaGhala
Wiki mbili nilikuwa kimya, msimu ghalani. Nimerudi.

Bati nimetengenezewa na mzee mmoja wa mabati pale sokoni. Amelikata kwenye debe la mafuta ya kula, limekaa safi, bado linaonyesha nusu ya picha ya alizeti. Pistoni nimeisugua michubuko kwa msasa laini wa maji, nimeirudisha. Nimekwangua ekzosi kwa mwanzi kama Bloa alivyosema. Masizi yalikuwepo, si mengi.

Matokeo: dakika ishirini na tano. Nimemteremsha mama mpaka pwani akanunua changu, nikampandisha nusu ya kilima. Ikazima. Mama akashuka, akaniachia gari na samaki, akamalizia kwa miguu. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Halafu nimefanya jaribio la sili. Dada yangu ni muuguzi, nikaazima ile mashine ya kupimia presha. Nikaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya mpira wa tyubu na vibati, nikaingiza bomba la mashine kwenye tundu la mpigo la pampu, nikapampu mpaka 260. Kwenye injini nzima sindano inatakiwa itulie hapo dakika kadhaa. Ya kwangu ilishuka mpaka 200 kwa muda wa kusoma aya moja ya gazeti. Nikapaka povu la sabuni. Gasketi yangu ya mkasi, kimya. Sili ya upande wa klachi, kimya. Upande wa feni, chini kabisa, kuna povu moja linakua taratibu kama jicho la samaki, linapasuka, linaanza jingine.

#38 Bloa_Nanyamba
JICHO LA SAMAKI. Nilisema bandiko la tatu. Naomba iandikwe.

#39 Nahodha_Msimbati
Imeandikwa. Lakini kuvuja kidogo hivyo? Boti zinavua Msimbati zikiwa na sili mbaya kuliko hiyo. Pampu ya petroli umeikagua?

#40 KaraniWaGhala
Kingozi chake kina mkunjo katikati. Hakijatoboka. Sijui kama ni ubovu au ndivyo kilivyo.

#41 Nahodha_Msimbati
Mkunjo! Kitu kinachotakiwa kitetemeke maelfu ya mara kwa dakika hakitakiwi kuwa na mkunjo.

#42 BintiMtanda (Lindi)
Na cheche ya njano mmeisahau haraka. Bati limepunguza joto, koili iko jirani na silinda, kwa hiyo koili nayo inachukua muda zaidi kupata moto. Dakika ishirini na tano badala ya kumi. Inaendana na maelezo yangu kama inavyoendana na ya mzee.

#43 MzeeKerezo (Masasi)
Na ya kwangu. Joto limepungua, pistoni inachelewa kuvimba.

#44 Babu_DT
Kila mmoja bati limemshuhudia yeye. Mimi naongeza langu: gari limelala miaka, vile vitundu vya kabureta vimekaguliwa? Petroli iliyokauka inaacha gundi. Usitumie waya, unapanua tundu. Tumia hewa na unyoya mgumu wa brashi.

#45 Tandahimba_1
Nami narudi kwenye oili. Karani hajajibu anatumia oili gani.

#46 KaraniWaGhala
Oili ya tustroki ya chupa, mililita 25 kwa lita, moja kwa arobaini. Pistoni mpya nikaona niongeze kidogo.

#47 Tandahimba_1
Sina la kusema.

#48 Mgeni_Florida
Ushauri wangu wa mwisho kwa leo: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Sili kwanza, kwa sababu ile umeipima ukaiona kwa macho. Na kwa kuwa unabadilisha ya upande wa feni, badilisha zote mbili. Ukiweka, mdomo wenye springi utazame ndani, upake grisi, usiingize kavu. Watu wanaikunja mdomo siku ile ile ya kuivalisha kisha wanalaumu Uchina.

#49 KaraniWaGhala
Sili nimeagiza Gerezani, Dar. Nimewatumia vipimo vilivyoandikwa mgongoni mwa ile ya zamani, basi la kesho linabeba. Koili ya kuazima kuna jamaa wa msumeno wa mnyororo ananitafutia, BintiMtanda, kama itashabihiana.

#50 BintiMtanda (Lindi)
Koili ya msumeno usiifunge kabla hujanionyesha picha. Nyingi zina kiboksi cha kuamuru cheche humo humo ndani, ya kwako sidhani.

#51 Mshamba_Mjini
Na mama anasafiri na nini kwa sasa?

#52 KaraniWaGhala
Mteremko tunakwenda na kigari injini ikiwa imezimwa, breki ni nzima. Kupanda nawalipa vijana wawili wa kusukuma. Wameniuliza leo kama hiyo injini ina haraka ya kupona.